Kabla hujauliza ununue jaketi gani: jinsi ya kujiandaa kupanda mlima kipindi cha theluji na baridi kali

Kila baridi ikianza maswali ni yaleyale. Ninunue jaketi gani, nivae soksi ngapi, nikibeba kachupa ka pombe si katanipa joto, na je simu yangu itakufa. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwaiyo naandika mara moja hapa, mwenzio akikuuliza mtumie.

Kwanza kabisa, jaketi ndo swali la mwisho. Watu wanaopata shida mlimani wengi wao hawakukosa jaketi nene, walilowa. Mtu amepanda mbio akiwa amejifunika kama mgonjwa wa malaria, jasho likamjaa ndani, halafu akafika juu akasimama kupiga picha, upepo ukamkuta. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwaiyo ukiwa na nguo mbichi mwilini ni kama umefungua bomba joto lako linamwagika nje. Ukishika hilo moja tu, kubaki mkavu, mengine yote hapa chini utayaelewa bila kukariri.

Mwongozo huu ni wa kutembea, safari ya siku moja au ya kulala usiku mmoja mpaka mbili. Kama unataka kupanda kuta za barafu kwa kamba tafuta mwalimu, usijifunze kwa kusoma.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Nguo za tabaka tatu, pamoja na jaketi moja zito la kuvaa ukisimama (maelezo hatua ya 5)
- Glavu jozi tatu. Ndiyo, tatu: nyembamba za kazi, nene zisizopitisha maji, na za akiba zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki
- Mzula unaofunika masikio, na kitambaa cha shingo cha kuvuta mpaka puani
- Miwani ya jua inayoziba pembeni, na ile mikubwa ya kuzuia upepo kama unategemea dhoruba
- Buti zisizopitisha maji zenye nafasi ya vidole kucheza, na geita za kuzuia theluji isiingie kwa juu
- Vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti, aina inayoendana na njia yako
- Fimbo mbili za kutembelea zenye visahani vipana chini, bila visahani zinazama tu
- Hedilampu (taa ya kuvaa kichwani) na betri za akiba
- Ramani ya karatasi na dira, hata kama una GPS
- Filimbi, viberiti viwili vilivyokaa sehemu tofauti, kisu, gundi ya utepe, mfuko wa dharura wa kuingia mwili mzima, na vifaa vya huduma ya kwanza
- Themosi ya lita moja na chupa za maji zenye mdomo mpana
- Chakula cha siku yako pamoja na cha siku moja zaidi
- Ukilala huko: hema la kuhimili upepo, begi la kulalia la baridi, mati mbili, jiko, sufuria na koleo

Ndo maana begi la mgongoni la baridi ni kubwa kuliko la kiangazi, lita 40 kwenda juu hata kwa siku moja. Ukiona mtu anaingia kwenye theluji na kabegi ka shule jua kuna kitu kakiacha.

HATUA KWA HATUA

1. Jaribu vitu vyako ukiwa salama

Nimeiweka ya kwanza kwa sababu wote wanairuka. Siku moja ya baridi toka nje usiku, vaa glavu zako nene, halafu jaribu kufunga vyuma vya buti, kuwasha jiko, kufungua zipu ya hema na kubadilisha betri za hedilampu. Kitu kisichowezekana na glavu kirekebishe hapohapo. Zipu zifungie vipande vya kamba uweze kuzivuta, na kifuniko cha chupa kifungie kamba kisidondoke. Mi nilishawahi kuvua glavu dakika moja tu nirekebishe mkanda, upepo ukaichukua moja nikaiona inaenda zake bondeni kama ndege. Tangu siku hiyo glavu zangu zina kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kama za watoto, na wanaotaka kucheka wacheke.

2. Soma hali ya hewa ya kule juu, sio ya mjini

Kosa la kawaida ni kuangalia simu, kuona mji wa chini ni digrii 0, ukasema si mbaya. Joto linashuka wastani wa digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ukiwa mita 1,000 na wewe unaenda mita 2,500, hiyo sifuri huko juu inakuwa kama -10. Halafu ongeza upepo: kwenye -10 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni -20. Na baridi hiyo inayohisiwa kwa upepo ikishuka chini ya -28 hivi, ngozi ya wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Kwaiyo namba ya upepo iangalie kwa makini kuliko hata namba ya joto.

Angalia utabiri siku tatu kabla, usiku wa kuamkia, na asubuhi yenyewe. Unachotafuta ni mwelekeo. Upepo unaongezeka mchana? Theluji mpya inakuja sentimita ngapi? Joto linapanda ghafla? Mvua ya kwenye digrii 1 au 2 mimi naiogopa kuliko theluji kavu ya -10. Theluji kavu unaikung'uta inadondoka, mvua inaingia mpaka kwenye mfupa.

3. Chagua njia ukiwa na akili ya poromoko la theluji

Hapa nitakaa kidogo maana hili linaua hata watu waliovaa vizuri.

Mteremko wa hatari ni wa kati ya digrii 30 na 45. Chini ya hapo theluji mara nyingi inatulia, juu ya hapo inadondoka yenyewe kidogokidogo kabla haijajaa. Shida ni kwamba digrii 30 mpaka 45 ndo mteremko unaopendeza kuupanda. Pima kwenye ramani yenye mistari ya kimo, kuna programu za simu zinapaka rangi miteremko hiyo, na kumbuka huhitaji kuwa juu ya mteremko ili ukufukie. Ukiwa unapita chini yake inatosha.

Sehemu nyingi zenye milima ya theluji zina taarifa ya kila siku ya hatari ya poromoko, namba 1 mpaka 5. Watu wanaiona 3 wanasema aa iko katikati, twende. Asikudanganye mtu, vifo vingi vinatokea siku za namba 3, maana siku za 4 na 5 watu wanaogopa wanabaki ndani. Kama wewe ni mgeni wa mambo haya, siku ya 3 kaa kwenye njia za msituni zenye mteremko mdogo, na 4 na 5 lala nyumbani.

Dalili za kukugeuza papo hapo ni hizi: unaona poromoko jipya jirani, theluji inapasuka mistari kutoka mguuni kwako, unasikia mlio mzito chini kama pumzi inashuka, theluji nyingi imeanguka ndani ya siku moja au mbili, au upepo umeirundika upande mmoja wa mlima. Moja tu inatosha, usisubiri zitimie zote.

Ukilazimika kupita sehemu za aina hiyo kila mtu awe na vitu vitatu: kile kifaa cha kurusha mawimbi wengi wanakiita bikoni (zote duniani zinatumia kilohezi 457 kwaiyo zinasikilizana), fimbo ndefu ya kuchomeka kwenye theluji, na koleo. Vitatu, sio kimoja. Bikoni bila koleo inakuonyesha tu mahali rafiki yako anapofia. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri kwenye dakika 10 mpaka 15 za mwanzo, baada ya hapo nafasi inaporomoka, kwaiyo waokoaji wa kweli ni nyie mlio naye hapohapo. Na huo utafutaji mfanye mazoezi kabla, sio siku ya tukio.

4. Piga hesabu ya muda na uweke saa ya kugeuka

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ardhi kavu. Kwenye theluji ya kuzama mpaka magoti zidisha mara mbili na bado unaweza kuchelewa. Mfano kilomita 10 zenye mita 900 za kupanda, kanuni inakupa saa tatu na nusu, wewe andika saba. Halafu angalia jua linazama saa ngapi, siku za baridi ni fupi, ukaone kama inakutosha.

Ukishapata hesabu weka saa ya kugeuka, kwa mfano saa sita na nusu mchana popote mtakapokuwa mnarudi, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Iwekeni asubuhi mkiwa na akili timamu, maana mkiwa mmebakiza mita 100 kila mtu anakuwa mwanasheria.

Muachie mtu karatasi: mnapita wapi, mko wangapi, gari mmeliacha wapi, mtarudi saa ngapi, na saa ngapi kamili apige simu ya uokoaji asiposikia kitu. Ukisharudi mpigie.

5. Vaa tabaka, na uanze ukiwa unahisi baridi kidogo

Tabaka la kugusa ngozi ni la sufu laini (manyoya ya kondoo) au nailoni ya michezo, kazi yake kuvuta jasho litoke kwenye ngozi. Pamba hapana. Fulana ya pamba, chupi ya pamba, jinzi, soksi za pamba, zote acha. Pamba ikilowa inashika maji na haikauki, nimeona mtu amevaa vitu vya bei mbaya juu halafu ndani fulana ya pamba, ni sawa na kujenga ghorofa juu ya matope.

Tabaka la pili ni la kushika joto, flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya) inatosha. La tatu ni jaketi jembamba la kuzuia upepo na maji, lenye kofia na zipu za makwapani kama unapata. Lile zito la manyoya ya bata linakaa juu kabisa kwenye begi, unalivaa ukisimama tu. Ukipanda nalo litalowa jasho, na manyoya yakilowa yanashikana yanakuwa kama kuku aliyenyeshewa, hayana joto tena. La nyuzi za kutengeneza linavumilia unyevu kidogo.

Sasa siri yenyewe. Unapoanza kutembea unatakiwa uhisi kibaridi. Baada ya dakika 10 mwili utachemka wenyewe. Ukianza ukiwa na joto zuri, dakika 10 mbele utakuwa unatoa jasho na shida imeshaanza. Dakika hiyo ya 10 simameni wote, kila mtu apunguze nguo. Ukihisi mgongo umeanza kulowa punguza mwendo, fungua zipu, vua mzula. Ukisimama kwa zaidi ya dakika mbili vaa jaketi zito kabla hujahisi baridi. Ni kuvaa na kuvua siku nzima, inachosha, ndo kazi yenyewe hiyo.

6. Miguu na mikono

Soksi jozi moja nene ya sufu, au nyembamba ndani na nene juu kama buti ina nafasi. Wanaouliza soksi ngapi wanategemea niseme nne. Soksi nne ndani ya buti iliyobana zinabana damu, na joto la vidole linaletwa na damu, kwaiyo soksi nyingi zinakupa miguu ya baridi zaidi. Jaribu buti na soksi utakazovaa, ukishindwa kuchezesha vidole chukua kubwa.

Beba soksi kavu za kulalia ambazo hazitembei kamwe, za kulalia tu.

Mikono: glavu za mfuko mmoja, zile vidole vinne vinakaa pamoja, zina joto kuliko za vidole vitano. Vaa nyembamba ndani ili ukivua kubwa kufanya kitu ngozi isiguse chuma. Ukizivua zitie kifuani ndani ya jaketi, usiziweke chini kwenye theluji.

7. Maji na chakula

Kwenye baridi hujisikii kiu lakini unapoteza maji kila pumzi, ile hewa kavu. Kunywa kidogo kila kituo. Mpira wa kunywea wa kwenye begi utaganda, sahau, tumia chupa. Chupa iweke kichwa chini miguu juu, barafu inaanzia juu ya maji kwaiyo mdomo utabaki wazi, na ivalishe soksi ya zamani. Themosi ijaze kitu cha moto chenye sukari, na usiimalize kabla hujaanza kushuka.

Usile theluji kwa kiu. Mwili unatumia joto kuiyeyusha. Yeyusha kwenye jiko, na weka maji kidogo chini ya sufuria kwanza kabla ya theluji, bila hivyo sufuria inaungua na maji yanakuwa na ladha ya moshi. Kama una kichujio cha maji kile cha mirija midogo, kikiganda mara moja kimekufa na kwa macho hutajua, kwaiyo kinakaa mfukoni mwilini na usiku kinalala na wewe.

Chakula kiwe cha kutafuna bila kusimama muda mrefu: karanga, jibini, chokoleti iliyokatwa tayari vipande vidogo. Chokoleti nzima kwenye -15 inaweza kukutoa jino, sitanii. Kula kila saa hata kama huna hamu. Na pombe, kwa wale wa kachupa: inatanua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati joto la ndani linatoka nje. Iache mpaka utakaporudi.

8. Betri

Simu na hedilampu zikae mifuko ya ndani karibu na mwili. Simu iliyozima kwa baridi ikiwa na asilimia 40 ukiipasha mwilini mara nyingi inawaka tena, ila usiichaji ikiwa imeganda, betri inaharibika. Hedilampu tumia betri za lithiamu zile zisizochajiwa, zinavumilia mpaka -40, za kawaida zinachoka mapema. Pawabenki nayo mwilini, usiku ndani ya begi la kulalia.

9. Ukiwa njiani

Funga vyuma vya buti kabla ya barafu, sio katikati yake umeshateleza nusu. Hesabu kituo kila saa moja, dakika 5 mpaka 10, mkiwa mmejificha upepo. Kila kituo angalia uso wa mwenzio: kama kuna doa jeupe puani, shavuni au masikioni, ngozi imeanza kuganda, mtu mwenyewe hajioni na mara nyingi hahisi. Mwambie afunike kwa kiganja chenye joto hapohapo.

Juu ya ukingo wa mlima upepo unajenga theluji inayoning'inia nje kama ukingo wa paa, kutoka juu inaonekana ardhi ya kawaida. Kaa mbali nayo, na mbali kuliko unavyodhani, maana inakatika nyuma ya mguu wako. Alama za miguu za waliotangulia sio ushahidi kwamba pako salama.

Na jua: theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale inayounguza. Miwani muda wote hata kukiwa na mawingu, na losheni ya jua paka chini ya pua na chini ya kidevu, miale inakuja kutoka chini pia.

10. Ukilala huko

Chagua sehemu isiyo na mteremko wa poromoko juu yake na isiyo kwenye mkondo wa upepo. Kanyaga theluji mpaka ishikane, subiri nusu saa igande, ndo uweke hema. Vigingi vya kawaida vinachomoka, jaza theluji kwenye mifuko, zifunge kamba za hema, zika, kanyaga juu.

Chini yako kuna umuhimu kuliko juu yako. Begi la kulalia likilaliwa linajibana, upande wa chini hauna joto, kwaiyo mati ndo inakuokoa. Angalia namba ya R ya mati (inaonyesha inavyozuia baridi ya chini), kwa theluji tafuta 5 au zaidi, na ukiweka mbili namba zinajumlishwa. Begi la kulalia, kwenye namba za baridi zilizoandikwa juu yake soma ile ya starehe, achana na ile ya mwisho kabisa, hiyo ni ya mtu anayejikunja usiku kucha.

Kabla ya kulala: badilisha nguo zote zilizolowa, kula kitu cha mafuta, nenda haja ndogo hata kama hujabanwa sana, jaza chupa maji ya moto uivalishe soksi uilaze mapajani (jaribu kuigeuza kwanza kuona kama haivuji). Usipumulie ndani ya begi, pumzi ina maji, asubuhi utaamka umelowa. Acha tundu la hewa la hema wazi hata kama roho inakuuma.

ONYO: usipike ndani ya hema lililofungwa na usiwashe jiko ili kupasha hema. Ile hewa ya sumu ya jiko haina harufu, unasinzia tu, huamki. Pikia barazani pa hema mlango ukiwa wazi.

UKIPATA TATIZO

Mwenzio anatetemeka, anajikwaa, anamumunya maneno, anaangusha vitu, amekuwa mkali bila sababu. Joto la mwili linashuka, chini ya 35 tayari ni hatari. Usimuulize kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Mtoe kwenye upepo, vua vilivyolowa, vaa vikavu, mkalishe juu ya mati sio kwenye theluji, mwingize kwenye mfuko wa dharura, mpe cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Akiacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi na anasinzia, hiyo sio nafuu, ni mbaya zaidi: mlaze, mshike taratibu bila kumtikisa wala kumsugua, msimtembeze, mfunike kila upande, ita uokoaji. Msimkatie tamaa, watu wameonekana kama wafu kwa baridi wakarudi walipopashwa hospitalini.

Vidole havina hisia. Kama bado ni laini na vyeupe, tia kwapani au kwenye tumbo la rafiki, rafiki wa kweli utamjua hapo. Kama ni vigumu kama mti, vimeganda. Usisugue, usipake theluji, usiweke motoni, utaungua na hutahisi. Kuyeyusha ni kwenye maji ya digrii 37 mpaka 39, na ni pale tu una uhakika havitaganda tena. Kuyeyuka na kuganda upya kunaharibu kuliko kutembea na mguu ulioganda mpaka chini. Malengelenge usiyapasue.

Jiko la gesi linawaka kama mshumaa. Gesi ya kawaida, butani, inaacha kugeuka mvuke karibu na -0.5, isobutani karibu -12, propani inakwenda mpaka -42. Nunua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, lala nao, na ukipika uweke juu ya kipande cha mati sio juu ya theluji. Usiupashe kwa moto.

Kila kitu cheupe, hujui mbingu wala chini. Simama. Wengi wanaanguka kwa sababu wanasema ngoja nisogee kidogo nione. Soma dira, rudi kwenye alama zako mwenyewe kama bado zipo na njia iliyopita ilikuwa salama, la sivyo chimba shimo nyuma ya kitu cha kukinga upepo, kaeni juu ya mabegi, ingieni kwenye mifuko ya dharura, kuleni, subirini.

Unahitaji msaada. Filimbi au tochi mara 6 ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia. Ukisikia mara 3 kwa dakika wamekujibu, wewe endelea mpaka wakuone. Namba ya uokoaji ya nchi unayokwenda iandike kabla hujaondoka, Ulaya 112 na Marekani 911. Mtandao ukisumbua jaribu ujumbe mfupi kwa yule uliyemwachia karatasi, unapita pale simu inaposhindwa.

Macho yanawasha kama yana mchanga usiku. Jua la theluji limekuunguza, dalili zinakuja masaa kadhaa baadaye. Usiyapikiche, toa lenzi kama umevaa, yafunike, kaa gizani, siku moja au mbili mara nyingi yanapona. Asiyeona ashushwe na mwenzake, na asipopata nafuu amuone daktari.

Buti zimeganda asubuhi, mguu hauingii. Ulizisahau nje. Jaza chupa ya maji ya moto, izamishe ndani ya buti dakika kumi, moja baada ya nyingine, wewe ukiwa bado ndani ya begi la kulalia. Usizisogeze kwenye jiko, gundi inaachia na soli inabaki mkononi. Usiku unaofuata zitie kwenye mfuko wa plastiki, uzifungue kamba zote mpaka chini, zilale nawe miguuni ndani ya begi.